Kondoo wangu kazaa njiti wawili alfajiri hii, siku 135 tu za mimba kwa hesabu yangu. Kuna aliyewahi kuona wa hivi akapona?

#1 Mlima Baridi (Njombe), Juni 18, saa 12:40 asubuhi

Habari za asubuhi wakuu. Nipo jikoni, mapajani nina boksi la mafuta ya kula, ndani yake wanakondoo wawili waliozaliwa saa 10 alfajiri. Mama yao ni chotara wa Dorper na kondoo wetu wa kienyeji, huu ni uzao wake wa pili. Dume niliazima, likaingia zizini Februari 3, nimeandika kwenye daftari. Kwa hiyo ni siku 135, na nilikuwa namsubiri mwisho wa mwezi.

Nimewapima kwa mzani wa maharage. Mmoja kilo 1.6, mwingine 1.2. Manyoya yao mafupi, laini kama hariri, yamelala kwenye ngozi. Masikio yamelegea. Mkubwa anajaribu kuinua kichwa. Mdogo kila akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani na anatoa mguno. Nje majani yameganda kwa baridi.

Kuna mtu amewahi kuona njiti wa namna hii akapona? Na nianze na nini? Kiwele cha mama yao hakijajaa, nimekamua nikapata matone mawili matatu ya kunata.

#2 Ole Longido

Pole sana mama. Siku 135 ni mapema mno. Sisi huku mwanakondoo akizaliwa hajatokeza meno hatumweki kwenye hesabu ya kundi. Mwangalie mama yao asije akakufia, huyo atakuzalia tena.

#3 Dkt Kwato

Ole, mwache kwanza apambane. Mama, sikiliza haraka halafu urudi kusoma taratibu.

Joto kwanza, maziwa baadaye. Wakaushe kwa kitambaa kikavu mpaka ngozi isiwe na unyevu. Walaze kifudifudi, kifua chini, miguu imekunjwa pande zote mbili, usiwalaze ubavu. Akilala ubavu pafu la chini linabanwa, na hao mapafu ndiyo shida yao kubwa. Tia kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kwenye njia ya haja kubwa. Mwanakondoo mzima ana nyuzi 39 hadi 40. Kati ya 37 na 39 amepoa. Chini ya 37 yuko hatarini.

Usimpe kitu chochote mdomoni kama hawezi kushika kichwa chake mwenyewe. Maziwa yatashuka kwenye mapafu na utamzamisha nchi kavu.

Kitovu chovya kwenye aidini sasa hivi. Halafu pitisha kidole kwenye ufizi wa chini mbele, uniambie unasikia meno au unasikia ufizi mtupu.

#4 Mpingo

Shika miguu ya nyuma umzungushe kama kombeo mara tatu, ute wote unatoka puani. Babu yangu aliokoa wengi kwa njia hiyo.

#5 Dkt Kwato

#4 hapana mkuu, kwa njiti huyo usijaribu. Kinachotoka mara nyingi ni maji ya tumboni, na unamtikisa ubongo na mbavu ambazo ni laini kama vijiti vya mwanzi mbichi. Futa pua na mdomo kwa kidole, chokoza tundu la pua kwa bua la jani kavu apige chafya, msugue kifuani. Inatosha.

#6 Mlima Baridi, saa 1:25 asubuhi

Asante daktari. Nimepima. Mkubwa 37.8. Mdogo 36.1. Mkubwa nasikia ncha mbili ngumu chini ya ufizi, kama punje za mchele zilizofunikwa na ngozi. Mdogo ufizi mtupu kabisa. Kwato zao zote ni laini, nikibonyeza kwa kucha zinabonyea. Nimewasha jiko la mkaa nikaliweka karibu na boksi, mlango nimefunga baridi isiingie.

#7 NesiWaZamu

FUNGUA MLANGO MAMA. Jiko la mkaa chumba kimefungwa linatoa hewa isiyo na harufu inayoua, wewe na hao wadogo pamoja. Toa jiko nje. Chukua chupa za maji ya moto, zifunge kwenye kanga, zipange pembeni ya boksi. Mimi nipo wodi ya watoto njiti mwaka wa tisa, hizi chupa nazijua.

#8 Mfuga Kuku Makambako

Kama una umeme tumia bruda ya vifaranga. Ile balbu nyekundu ining'inize juu yao kama mita moja hivi, weka nyasi kavu chini. Ukiona wanahema mdomo wazi umezidisha, inua balbu. Mimi nimelea wanambuzi wawili kwenye bruda ya kuku mwaka juzi, wakawa wanalala na vifaranga mgongoni.

#9 Mlima Baridi

Jiko nimetoa. Umeme upo ila balbu hiyo sina. Nimeweka chupa nne za maji ya moto na blanketi la mtoto.

#10 NesiWaZamu

Sawa. Mdogo mfunge kifuani kwako kwa kitenge, ngozi kwa ngozi, kichwa kiwe juu. Tunaita mtindo wa kangaruu. Ulianzia Bogota, Kolombia, mwaka 1978, hospitali haikuwa na mashine za kutosha ikabidi mama mwenyewe awe mashine. Mwili wako ni nyuzi 37, hautamfikisha 39, lakini hautamwacha apoe zaidi na utasikia pumzi yake kila dakika.

#11 Bwana Daftari

Naomba tusahihishe hesabu. Ile "miezi mitano" tuliyozoea kusema inatupotosha. Kondoo anabeba wastani wa siku 147, wengi wanaangukia kati ya 144 na 152. Februari 3 mpaka Juni 18 ni siku 135 kweli, lakini hiyo ni kama jike lilipandwa siku ileile dume lilipoingia. Kama lilisubiri joto la kutaka dume, na joto hilo la kondoo linarudi kila siku 17 hivi, basi hao wana siku 120 na kidogo, na wa siku 120 asingekuwa anainua kichwa saa hizi. Kwa hiyo ama ni 135 kamili, ama dume lingine lilitangulia. Dada, hakuna dume la jirani?

#12 Wa Kinangop

Hapo #11 amegonga ndipo. Salamu kutoka Nyandarua, huku tunafuga Corriedale na Hampshire, baridi yenu tunaijua. Mimi ule ufizi wenye punje ndio naamini kuliko daftari. Aliyetimiza siku huwa meno ya mbele yameshachomoza akizaliwa. Meno yakiwa chini ya ngozi, yuko nyuma wiki moja hivi. Ufizi mtupu, yuko nyuma zaidi au alinyimwa chakula tumboni.

Na tusichanganye mambo mawili. Kuna njiti, na kuna mdogo aliyetimiza siku. Pacha aliyebanwa tumboni anaweza kuwa kilo 1.2 na ana meno yote, manyoya yamejikunja, dakika ishirini anasimama. Huyo ni mdogo tu, mshibishe atakua. Njiti tatizo lake si udogo. Mapafu yake hayajaiva.

#13 bintiMwika

Mapafu hayajaiva maana yake nini? Anapumua au hapumui?

#14 Dkt Kwato

Swali zuri. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vidogo vya hewa. Kuta zake zina unyevu, na unyevu unapenda kugandana. Chukua mfuko wa plastiki uliolowa ndani, kuta zikishashikana jaribu kuupuliza, utaona unavyokataa. Siku za mwisho za mimba mapafu ya mwanakondoo yanatengeneza aina ya mafuta yanayozuia kuta zisigandane. Homoni ya kotiso (cortisol) ya mtoto mwenyewe inapanda siku hizohizo, ndiyo inayokomaza mapafu na ndiyo inayoanzisha uchungu wa kuzaa. Akizaliwa kabla, kila pumzi anaanza kufungua vifuko upya. Ule mguno aliousikia mama kwenye #1 ni mtoto anabana hewa isitoke yote, vifuko visijifunge. Hafi kwa njaa huyo. Anakufa kwa kuchoka kupumua.

Ndiyo maana siku tano zina uzito hivi. Kwa niliyoyaona zizini, chini ya siku 135 ni nadra sana apone bila oksijeni. 138 hadi 140 unapigana. Kuanzia 142 ukimpa joto na dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, anaishi.

#15 MsomaMajarida

Niongezee kwa #14, maana hapa kondoo wametusaidia sisi binadamu kuliko tunavyojua. Miaka ya 1960 huko Auckland, New Zealand, daktari Graham Liggins alikuwa anachunguza nini kinaanzisha uchungu. Akawa anawapa wanakondoo walio tumboni homoni za jamii ya kotiso. Wakazaliwa kabla ya wakati kama alivyotarajia, lakini mmoja aliyekuwa mdogo kiasi cha kupaswa kufa alikutwa anapumua. Wakamchunguza, mapafu yake yameingia hewa. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie wakachapisha matokeo ya majaribio kwa kina mama wajawazito. Sindano anayochomwa leo mama anayetishia kujifungua njiti ilianzia kwenye zizi.

#16 NesiWaZamu

#15 nimechoma sindano hiyo mara nyingi nisijue ilianzia kwa kondoo. Asante sana.

#17 Mlima Baridi, saa 3:50 asubuhi

Mkubwa amefika 39.1, anatafuta kunyonya kidole changu. Mdogo yupo kifuani, 37.2, anaguna bado. Jirani ng'ombe wake amezaa jana usiku, amenipa nusu lita ya dang'a. Niichemshe? Nitie sukari kijiko kimoja kumpa nguvu?

#18 Dkt Kwato

Usichemshe, dang'a ikichemka inaganda kama yai na kinga zote zinakufa. Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu mpaka iwe joto la mwili.

Sukari ya mezani USITIE. Tumbo la mwanakondoo mchanga haliwezi kuivunja, utamletea kuhara. Ukitaka utamu tumia glukozi ya duka la dawa, lakini dang'a ikipatikana huna haja nayo.

Kipimo: mililita 50 kwa kila kilo ndiyo ukomo wa mlo mmoja, na jumla 200 kwa kilo kwa saa 24 za kwanza. Wako wa 1.6 ni 320 kwa siku nzima. Kwa njiti mimi nagawa kidogo kidogo, 25 hadi 30 kila saa mbili, usiku na mchana. Saa sita za kwanza ndizo za thamani, utumbo bado unaruhusu kinga zipite kwenda kwenye damu. Baada ya hapo mlango unaanza kujifunga.

#19 Wa Kinangop

Dang'a ya ng'ombe inafaa lakini kumbuka jambo moja. Mara chache sana kinga za ng'ombe zinashambulia damu ya mwanakondoo, unaona wiki ya pili fizi zimekuwa nyeupe na amelegea. Mimi nachanganya dang'a ya ng'ombe wawili watatu kupunguza hatari hiyo, na kila mwaka nakamua ya kondoo wenye maziwa mengi nagandisha kwenye chupa ndogo. Kama mama ana kondoo mwingine aliyezaa juzi, amkamue hata vijiko vitano.

#20 Ole Longido

Hizo chupa za kwenye friji sisi hatuna. Tunamkamua mbuzi aliyezaa usiku ule.

#21 Mlima Baridi

Mkubwa kanyonya chuchu ya chupa mililita 20. Polepole, anasahau, namgusa mkia anakumbuka tena. Mdogo hana nguvu ya kunyonya. Nina mpira wa kulishia ambao bwana mifugo aliniachia mwaka jana, naogopa.

#22 Dkt Kwato

Anashika kichwa?

#23 Mlima Baridi

Anainua, kinashuka.

#24 Dkt Kwato

Basi bado. Akiwa zaidi ya 37 na kichwa kimesimama, pima mpira kutoka ncha ya pua mpaka ubavu wa mwisho, weka alama, lowesha kwa maziwa, pitisha kona ya mdomo taratibu ameze mwenyewe. Akikohoa toa. Sikiliza ncha ya nje, ukisikia upepo wa pumzi uko kwenye koo la hewa. Usisukume bomba la sindano, liinue maziwa yashuke yenyewe.

Kwa wasomaji wengine: mkimkuta mwanakondoo aliyezaliwa zaidi ya saa tano zilizopita na yuko chini ya 37, msimkimbize kwenye moto. Ameshamaliza akiba ya mafuta aliyozaliwa nayo. Ukimpasha, ubongo unadai sukari ambayo haipo, anadegedega na kufa mikononi mwako ukidhani umemponya. Huyo anachomwa glukozi ya asilimia 20 tumboni kwanza, mililita 10 kwa kilo, ndipo apashwe. Mwite mtaalamu akuchomee. Wa mama huyu ni wa saa chache tu, ndiyo maana nilisema joto kwanza.

#25 Mpingo

Tumehangaika na watoto, hatujauliza kwa nini amezaa mapema. Mbwa wamemkimbiza?

#26 Mlima Baridi

Mbwa hapana. Ila kuna mambo mawili sikuyataja. Wiki mbili zilizopita jike jingine lilitupa mimba, kitoto kimekufa, nikakizika. Na huyu mama alivimba mguu, Juni 15 jioni saa 11 yule kijana anayetembea na mkoba wa dawa akamchoma sindano mbili. Moja nyeupe kama maziwa. Nyingine maji angavu, alisema ya kutoa uvimbe.

#27 Dkt Kwato

Ya maji angavu "ya uvimbe"... alikuonyesha chupa? Kama ni deksamethasoni, hiyo ni ndugu wa kotiso niliyoeleza kwenye #14. Jike lenye mimba pevu likichomwa dozi ya kutosha linazaa ndani ya saa 36 hadi 60. Kutoka saa 11 jioni ya tarehe 15 mpaka saa 10 alfajiri ya leo ni saa 59.

#28 Bwana Daftari

Daktari, hapo tuelewane. Dawa hiyo inaaminika kuzalisha kondoo kuanzia siku ya 138 au 140 hivi. Mapema ya hapo mara nyingi haifanyi kazi. Kama ndiyo iliyomzalisha, basi mimba ilikuwa na zaidi ya siku 135, tunarudi kwenye dume la jirani. Kama siku ni 135 kweli, basi sindano si lazima iwe sababu. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli kirahisi.

#29 Wa Kinangop

Na mapacha wako tofauti, mmoja ana punje za meno mwingine ufizi mtupu. Madume mawili joto moja inawezekana, lakini hapo siku zinapishana kwa saa tu, haielezi meno. Mimi nasema mdogo alikuwa na kondo bovu. Mama, kondo la nyuma ulilitazama?

#30 Mlima Baridi

Lilitoka saa 12. Limekaa kwenye ndoo. Vile vifungo vyekundu vingine vina vidoadoa vyeupe kama chembe za unga wa sembe.

#31 NesiWaZamu

Umelishika kwa mikono mitupu? Nani mwingine yupo hapo nyumbani?

#32 Mlima Baridi

Nilivaa mifuko ya plastiki. Yupo mkwe wangu, ana mimba ya miezi minne. Ndiye aliyenishikia tochi.

#33 NesiWaZamu

Mkwe asiguse tena wanakondoo, mama kondoo, nyasi za zizini wala nguo zako za leo. Anawe kwa sabuni, na wiki hii aende kliniki aeleze kwamba alikuwepo kondoo akizaa njiti na mwingine katupa mimba. Vijidudu vinavyotoa mimba za kondoo vingine vinatoa na za binadamu. Simtishi, nataka aandikwe kwenye kadi yake. Na wewe uliye na njiti kifuani, nilikosea kukuambia ngozi kwa ngozi kabla ya kuuliza haya. Weka kitambaa katikati, oga kwa sabuni, nguo zifuliwe peke yake.

#34 Dkt Kwato

Namuunga mkono nesi. Vidoadoa vyeupe kwenye vifungo vya kondo vinanikumbusha toksoplasma, ugonjwa unaoletwa na kinyesi cha paka. Hasa paka wadogo wakizaliwa kwenye ghala la nyasi. Una paka?

#35 Mlima Baridi

Amezaa Machi. Juu ya majani makavu ya kulishia.

#36 Ole Longido

Mimi siamini paka. Huku tukiona mimba zinatoka tunawaza mbu na mvua. Homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2007 nilikuwa kijana, majike yalitupa mimba zizi zima ndani ya siku chache, wanakondoo wachanga wakafa wote, na watu waliochinja wakaugua.

#37 Wa Kinangop

Na jina lenyewe lilitoka huku kwetu Kenya. Iligunduliwa 1931 kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha, wanakondoo walikuwa wanakufa kwa wingi. Lakini #36, wewe mwenyewe umesema zizi zima. Njombe mwezi wa sita ni baridi na kiangazi, na huyu ana majike mawili tu yenye shida. Siioni.

#38 Ole Longido

Majike mawili ndivyo inavyoanza. Apeleke damu.

#39 Mpingo

Kuna ugonjwa wa brusela pia. Na ile klamidia, inatoa mimba wiki mbili tatu za mwisho, kondo linakuwa nene kama ngozi. Na chumvi ya madini, je? Watu wa nyanda za juu tezi la shingo linawasumbua tangu zamani kwa kukosa aidini, kondoo nao wanazaa dhaifu.

#40 Dkt Kwato

Kwa macho hatuwezi kuamua. Mama, kata kipande cha kondo chenye vile vifungo, weka kwenye mfuko safi mara mbili, kisha kwenye chombo chenye barafu, wala usikigandishe. Bwana mifugo wa kata achukue na damu ya majike yote mawili, vipelekwe maabara ya mifugo Iringa. Kinachobaki choma au fukia kirefu mbwa wasifikie.

#41 kijana_wa_tehama

Samahani kuingilia. Mwaka 2017 madaktari wa hospitali ya watoto Philadelphia waliweka wanakondoo njiti kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kama tumbo la mama, kitovu kimeunganishwa na mashine, wakaishi mpaka wiki nne. Wadogo kuliko hawa wa mama, kama siku 105 na kuendelea. Kwa nini wao waliweza?

#42 Dkt Kwato

Kwa sababu hawakupumua. Walibaki ndani ya maji, damu ikapata oksijeni kupitia kitovu. Ugumu wote unaanza siku ya pumzi ya kwanza, na wa mama huyu wameshaivuta.

#43 Mpingo

Kondoo wa Kimasai asingekuwa na shida hizi. Dorper mnazipenda kwa nyama tu.

#44 Bwana Daftari

Kwenye minyoo nakubali. Utafiti wa Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990 ulionyesha kondoo mwekundu wa Kimasai anahimili minyoo kuliko Dorper. Kwenye njiti sijaona ushahidi wowote. Na uzi huu wa mama una mgonjwa mezani, ya Dorper tuanzishe kwingine.

#45 Mlima Baridi, saa 4:15 usiku

Mdogo amefariki saa 2 usiku. Alifika 38.4, akapata mililita 15 kwa mpira, hakukohoa. Halafu mguno ukaacha. Nikafikiri amepata nafuu, kumbe alikuwa amechoka. Alikuwa kifuani, nilisikia.

Mkubwa amekunywa jumla 210. Amekojoa.

#46 NesiWaZamu

Pole mama. Mguno ukiacha ghafla huwa hivyo, wodini tunauogopa kuliko mguno wenyewe. Lala saa moja, weka kengele ya simu kwa mlo unaofuata.

#47 Ole Longido

Pole mama yangu. Nilisema maneno makali asubuhi. Huyo aliyekojoa mshikilie.

#48 bintiMwika

Nimefuatilia tangu asubuhi. Pole sana.

#49 Mlima Baridi, Juni 20

Amesimama. Miguu ya mbele inapinda kifundoni, anatembea kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine. Nimemfunga vijiti vya boksi kwa plasta, bwana mifugo kasema siku tatu nne mishipa itakaza. Maziwa ya mama yameanza kushuka, lakini mama anamkataa, anampiga kichwa. Namkamua nampa kwa chupa.

#50 Wa Kinangop

Mfunge mama kichwa kwenye fito mara nne kwa siku umnyonyeshe kwa nguvu. Na maziwa yake mwenyewe yampake mtoto matakoni, pale anaponusa. Mtoto aliyekaa jikoni ananuka moshi na sabuni, mama hamjui.

#51 Mpingo

Yule kijana wa mkoba umemuuliza chupa?

#52 Mlima Baridi

Nimemuuliza. Anasema ni "ya uvimbe", karatasi ya chupa ilishachanika. Na jirani ameniambia dume lake lilivunja uzio mwishoni mwa Januari, lilirudi asubuhi. Hakuniambia wakati ule.

#53 Bwana Daftari

Mwishoni mwa Januari, tarehe ngapi?

#54 Mlima Baridi

Hakumbuki. Anasema wiki ile waliyoezeka kanisa.

#55 Dkt Kwato

Kwa hiyo inaweza kuwa 140, sindano ikafanya kazi, na sindano hiyohiyo ikamkomaza mkubwa mapafu kidogo kabla hajatoka. Au ni 135 na paka. Au vyote, kondo limeshaumwa na sindano ikamalizia. Hata majibu ya maabara yakionyesha toksoplasma, yatasema jike liliwahi kuambukizwa, hayatasema ndiyo iliyomzalisha usiku ule.

#56 Ole Longido

Na mbu mmemsahau.

#57 Mlima Baridi, Juni 27

Damu na kondo viko Iringa, bado. Mkwe kapimwa, anarudi kliniki Jumatatu. Paka nimemhamishia stoo ya mahindi, majani ya Machi nimeyachoma.

Mama alimkubali siku ya tano, baada ya kufungwa fito na kupakwa maziwa kama #50 alivyosema. Leo ana kilo 2.3. Asubuhi nimepitisha kidole kwenye ufizi wake wa chini. Meno mawili yamechomoza, ameniuma.